Kamba ya Mwalimu wa Mbwa

Watu wa Jinja waliokuwa wakimpelekea yule mwalimu mbwa wao wamefungua kundi kwenye simu. Kila mtu aandike jambo moja zuri juu yake kabla hajafa, wamesema, maana amepigwa na kiharusi na hawajui amebakiza muda gani. Na mimi wameniingiza. Nimesoma yote. Mmoja ameandika kwamba mbwa wake aliacha kutafuna viatu tangu mzee alipomfundisha kucheza. Mwingine amesema mzee ana roho ya mtoto. Mama mmoja mwenye duka la vitambaa ameweka picha yake akiwa amechuchumaa katikati ya mbwa watatu, akasema hakuna tena watu kama hao. Wameniuliza mara mbili mbona nimekaa kimya, wewe uliyekaa naye miaka mitatu, wewe uliyekuwa kama binti yake.

Haya, naandika. Ila siandiki kwenye simu, kwa sababu nina zaidi ya jambo moja. Mazuri nitayasema kwanza, kwa kuwa yapo na mimi si mwongo.

Sitasema alizaliwa wapi wala wa ukoo gani. Hayo aulizwe na watakaomzika. Kimaka nzima, mtaa wake hapo Jinja, ilimwita mwalimu wa mbwa, na sisi tuliomfanyia kazi tulimwita Afande, kwa sababu alikuwa jeshini upande wa mbwa, na alipostaafu alijenga karibu na chuo cha wanajeshi ili, alisema, asikie tarumbeta asubuhi na ajue bado yuko hai. Nilifika kwake nina miaka kumi na tisa, nimemaliza Senior Four, yaani kidato cha nne, na nimekwama hapo. Hakuniuliza cheti. Aliniuliza kama najua Kiswahili. Nilikijua, maana mama yangu alipikia chai madereva wa Kenya kwenye barabara kuu na mimi nilikulia katikati ya vikombe vyao. Kwetu Kiswahili ni lugha ya askari, ya wezi na ya mbwa. Utamkuta mzee wa Kisoga ambaye hawezi kukusalimia kwa Kiswahili, lakini akisema na mbwa wake ni kaa, lala, kamata, kama kamanda.

Ua wake ulikuwa mkubwa kuliko nyumba. Mtu akiingia mara ya kwanza alidhani amepotea njia akatokea jalalani. Matairi yamezikwa nusu ardhini, magunia yananing'inia kwenye kamba ya nguo, mabeseni yamefunikwa chini huku na huku, majerikeni yametobolewa, na pembeni shimo la mchanga lenye ukubwa wa kaburi. Hakuna kitu pale kilichokuwa taka. Kila jerikeni alilikata matundu matatu, akatia mukene, wale dagaa wetu wa ziwani, na mbwa akalisukuma kwa pua ua mzima mpaka samaki wadondoke mmoja mmoja. Chakula ambacho angekimaliza kwa dakika moja kwenye sahani kilimpa kazi ya nusu saa. Chini ya beseni moja kati ya matano aliweka kipande cha utumbo, mbwa anuse mpaka alipate. Kwenye mchanga alizika mifupa, kila siku mahali pengine. Vitu vya kuchezea alivifungia kwenye sanduku la bati, akatoa viwili tu kwa siku, kesho vingine viwili. Ukimpa vyote leo, alisema, kesho unamletea nini?

Yale matundu ya jerikeni aliyakata kwa kisu, kisha akakichoma kisu motoni na kupitisha kwenye kingo mpaka ziwe laini kama mdomo wa kikombe. Nilimuuliza siku ya kwanza kwa nini anajisumbua. Akaninyooshea jerikeni ambalo bado hajalichoma.

"Tia ulimi wako hapo, kuruta, halafu uniulize tena."

Kuruta ndilo jina alilonipa siku hiyo na hakunipa jingine. Hayo matundu myakumbuke.

Mchezo nilioupenda ulikuwa wa kutafutwa. Saa kumi jioni, mtu mzima mimi, najikunja ndani ya pipa au nalala nyuma ya migomba nimejifunika gunia, na mbwa wa watu wanafunguliwa mmoja mmoja kunitafuta. Akikupata analia kama amempata ndugu yake aliyepotea vitani. Wanaume waliopita nje ya uzio walizoea kusimama na kucheka. Siku moja mmoja akapaza sauti kwamba huyu msichana anatafutwa na mbwa tu, wanaume hawamtafuti. Afande hakugeuka hata. Alimjibu kwamba mbwa ana akili ya kuchagua, na yeye je, nani amewahi kumtafuta? Wenzake walimcheka mpaka akaondoka.

Ulimi wake ulikuwa hivyo. Mkubwa mmoja kutoka chuoni alileta mbwa anayejitafuna mkia mpaka mfupa unaonekana. Akasema mbwa ana mapepo. Afande alimwuliza anafungwa wapi na kwa muda gani. Anafungwa nyuma ya nyumba, mkubwa akasema, tangu alipokuwa mdogo, anafunguliwa usiku. Afande akamgeuzia beseni, akamwomba aketi, atazame ukuta, asiseme na mtu na asishike simu mpaka atakapoambiwa. Mtu mwenye nyota mabegani akaketi. Mimi nilijificha jikoni nisionekane nikicheka. Robo saa haijaisha, mkubwa alikuwa ameanza kubandua rangi ya ukuta kwa ukucha, hajui hata kwamba anaibandua.

"Robo saa tu, bwana mkubwa, umeshanibomolea nyumba," Afande akamwambia. "Yeye amekaa miaka miwili."

Mbwa yule alikuja kwetu kila jioni kwa miezi minne. Mkia ukapona. Mkubwa naye akaanza kukimbia naye asubuhi, na tumbo lake likapungua. Hilo limeandikwa kwenye kundi la simu, yeye mwenyewe ameliandika, na ni kweli.

Alikuwa Mwislamu wa swala tano, na watu wa msikiti wake hawakumwelewa hata kidogo. Alikuwa na nguo za mbwa na nguo za Mungu, na kati ya hizo mbili palikuwa na bomba la maji. Mkono ulioguswa na mate ya mbwa aliuosha mara saba, mara moja kwa udongo, sabuni hakuitegemea, na udongo wenyewe alikuwa nao kwenye kopo safi, ameuchekecha kama unga. Mkewe, Mungu amrehemu, hakumruhusu kuvuka mlango na shati la uani. Mbele ya baraza alipanga mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa. Hakuna mbwa aliyevuka mawe yale. Akitandika mkeka, hata wawe mbwa tisa, hata mmoja wao ana jerikeni lenye samaki ndani, waliketi upande wao wa mawe na kunyamaza mpaka atoe salamu. Mimi ni Mkristo, na kanisani kwetu sijawahi kuona watu wametulia vile.

Sasa upande wa pili. Hakumpiga mbwa hata siku moja. Watu aliwapiga kwa mdomo. Mwanawe wa kiume alimwita mzigo mbele ya wateja mpaka kijana akahamia Kampala na kuacha kupiga simu. Alijua mavi ya mbwa ishirini, nani amekula nini na nani ana minyoo, lakini hakujua binti yake yuko darasa la ngapi. Binti huyo, ambaye leo ndiye anamlisha kwa kijiko, alinieleza kwamba alipokuwa mdogo alitamani baba yake amfiche mahali na kumtumia mbwa wa kumtafuta, basi angalau atafutwe. Alinieleza hayo akicheka. Mimi sikucheka.

Na kamba. Lazima niseme juu ya kamba.

Aliisuka mwenyewe kwa vitambaa vya sare zake za kazi, vipande vipande, nyuzi tatu kwa tatu, na kila sare ilipochakaa aliongeza. Nene kama kifundo cha mkono, urefu wa mtu mfupi, na katikati imefanya giza kwa mate ya mbwa wa miaka yote. Mbwa wote waliopita uani mwake walijifunza kwenye kamba hiyo. Kanuni zake zilikuwa tatu na alizirudia kila asubuhi. Mbwa anashika akiambiwa ashike. Mbwa anaachia akiambiwa aachie. Na mchezo ukiisha, kamba inarudi mkononi mwa Afande, haibaki kwa mbwa, haibaki kwako, na haitoki nje ya ua huu. Mteja mmoja aliomba kuiazima wiki moja akajibiwa kwamba akaazime mke.

Neno la kuachia alilifundisha kabla ya la kushika. Wiki mbili nzima, kuachia tu. Mbwa akishika kijiti, achia, anapewa samaki. Akishika soksi, achia, samaki. Mpaka mbwa aone kwamba kuachia ndiko kuna utamu. Nami alinifundisha namna ya kulisema. Usipige kelele, kuruta, kelele ni ya mtu mwenye hofu. Litoe chini, tumboni, mara moja. Nilikuwa na mbwa mmoja wa kufanyia mazoezi, jike lake mwenyewe aitwaye Sajini, na Sajini akilisikia neno lile mdomo ulifunguka kabla sijamaliza kulitamka.

Katika mwaka wangu wa pili alikuja mfanyabiashara na gari na mbwa dume wa miezi sita. Alitaka mbwa wa kushika mwizi, ila asifundishwe neno la kuachia. Alieleza vizuri, hakuwa mjinga. Siku hizi wezi wote wanajua Kiswahili, alisema. Walinzi waliofukuzwa kazi, askari waliotoroka, wanajua maneno yote ya mbwa. Mwizi anashikwa, anasema achia, mbwa anaachia, mwizi anaenda na televisheni. Afande akamwambia basi amfundishe mbwa kwa lugha ya mama yake. Mfanyabiashara akasema hata hiyo wezi wanaijua, wezi wenyewe ni shemeji zake. Tukacheka sote. Kisha Afande akaacha kucheka, akamrudishia mnyororo wa mbwa mkononi.

"Unachotaka wewe ni mtego," akamwambia. "Na mtego haumjui mwenye nyumba wala mtoto wake. Nenda ukanunue chuma."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo, nimeshika beseni. Nilisikia kwa masikio yangu haya. Kwa hiyo mtu asinijie na habari kwamba mzee hakujua.

Niliondoka kwake kwenda kuolewa Mbale. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, tumepanga vyumba viwili mtaa wa Nkoma. Siku naondoka Afande hakusema maneno mengi. Alisema mume akinifunga mnyororo nirudi. Nikalia njiani mpaka Iganga. Hayo nayo niyaandike, maana ndiyo yanayoniuma kuliko yote.

Mwanangu anaitwa Mafabi. Ana miaka minne. Alikuwa na miaka mitatu wakati ule, na alikuwa na gari la kuvuta, kopo la mafuta ya kupikia lenye vizibo vinne vya kuwa magurudumu. Kamba ya gari hilo niliisuka mimi, kwa vitambaa vya kitenge, nyuzi tatu kwa tatu, kwa mikono aliyoifundisha yeye. Mbele ya nyumba yetu kuna geti la kijani. Nyuma ya geti alikaa bwana mmoja mwenye kazi nzuri, hana watoto, na mbwa wake tulimsikia tu, hatukumwona. Asubuhi moja bwana akafungua geti atoe gari, na Mafabi alikuwa barabarani na gari lake, akilivuta nyuma yake, kamba inacheza vumbini.

Mbwa akatoka akaishika ile kamba.

Mwanangu hakuiachia. Ilikuwa yake, kwa nini aiachie? Akavuta, mbwa akavuta, kisha mbwa akapanda na kamba mpaka juu akashika mkono.

Nilitoka na mikono ina sabuni. Sikupiga kelele. Nataka mjue hilo, ninyi mnaoandika mazuri. Nilisimama karibu kama nilivyofundishwa, nikalitoa neno chini, tumboni, mara moja. Achia. Yule mbwa akanitazama. Akatingisha mkia. Akakaza.

Alidhani nimeingia mchezoni.

Vijana wa boda walikimbia kutoka stendi yao, wale wa mtaa wa Namatala wanaongoja abiria pale kona, wakaja na vyuma vya pikipiki, na mbwa yule aliuawa mkono wa mwanangu ukiwa bado mdomoni mwake. Hata alipokufa ilibidi kufungua taya kwa bisibisi. Hospitali walishona, wakachoma sindano za kichaa cha mbwa, wakatuambia tushukuru. Vidole viwili havifungi. Mkono wenyewe ni wa kulia. Baba yake humshikisha kalamu kila jioni baada ya kazi, na kila jioni kalamu inaanguka.

Bwana wa geti la kijani alikuja siku ya tatu na mfuko wa sukari. Akasema mtoto alimchokoza mbwa na kamba. Akasema mbwa wake hakuwa mbwa wa mtaani, alikuwa na mwalimu, alimlaza huko Jinja miezi mitatu kwa mwalimu mkubwa. Nilipomtazama tu akaongeza kwamba mwalimu mwenyewe ni mwanajeshi. Nilitoka nje nikavuka barabara. Geti lilikuwa wazi. Uani, kando ya mnyororo, palikuwa na jerikeni la bluu lenye matundu matatu. Nikaingia, nikapitisha kidole kwenye kingo. Zilikuwa laini kama mdomo wa kikombe.

Mikono ile ilifikiria ulimi wa mbwa. Haikufikiria mkono wa mwanangu.

Sukari nilimrudishia kwa kuimwaga kwenye boneti ya gari lake. Akapiga simu polisi, polisi wakaja, wakaona mkono wa mtoto, wakarudi. Baada ya miezi michache bwana akahama. Lakini huyo si mtu wangu. Huyo ni mtu tu aliyetaka mtego akauziwa mtego. Mtu wangu alikuwa Kimaka. Mwaka mzima nilipika, nikafua, nikamshikisha mtoto kalamu, na mwaka mzima nilitaka kitu kimoja, asimame mbele yangu na aseme kwa mdomo wake kwamba alijua. Mume wangu alisema niache, mzee mwenyewe anasemekana mgonjwa. Nikamwambia vizuri, basi niende mapema.

Nilikwenda mwezi uliopita, na Mafabi nikamvalisha shati la mikono mifupi.

Binti yake alitufungulia, akanikumbatia, akafurahi. Ua ulikuwa umeota majani. Mabeseni yalikuwa yamejaa maji ya mvua na viluwiluwi. Afande alikuwa barazani kwenye kiti cha plastiki, blanketi magotini, mkono wa kulia umelala pajani kama kitu cha mtu mwingine. Ule ule wa kulia. Niliuona nikafurahi, na sitaomba msamaha kwa hilo. Mbele yake, upande wake wa mawe ya chokaa, aliketi Sajini, mzee, uso mweupe, na chini ya miguu yake imelala ile kamba. Binti alinieleza kwamba kila asubuhi Sajini huileta mpaka kwenye mawe, huiweka chini na kungoja mpaka jua likolee.

"Kuruta," akasema. Mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja. "Umenenepa."

"Nimezaa, Afande."

"Lete nione."

Nikamsukuma Mafabi mbele, nikamnyanyua mkono, nikauweka kwenye mkono wake mzima. Nilikuwa nimejiandalia maneno, tangu Mbale niliyarudia kichwani. Sikuyahitaji. Aliusoma ule mkono mwenyewe. Kidole gumba chake kilipita kwenye makovu taratibu, moja baada ya jingine, kama mtu anayesoma barua ya kizungu.

"Dume," akasema. "Mkubwa. Ameshika mara moja, hakubadilisha." Kisha kidole kikasimama. "Hakuachia."

"Hakufundishwa."

Binti yake alikuwa analeta chai, akaona nyuso zetu, akasimama na sinia mlangoni.

"Wa wapi?" Afande akauliza.

"Nkoma. Geti la kijani. Jerikeni la bluu."

Macho yake yalikuwa mazima, kiharusi hakikuyagusa. Aliyaondoa kwangu akayapeleka kwenye majani ya uani.

"Yule bwana aliniambia nyumbani kwake hakuna watoto."

"Kwake hakuna. Watoto wako nje ya geti, Afande. Ulidhani geti halifunguliwi?"

Kidole gumba chake kikarudi kwenye makovu.

"Mimi nilikuwepo ulipomfukuza yule mwenye gari. Nilikuwa nimeshika beseni. Ulijua au hukujua?"

Angeweza kudanganya. Angeweza kusema ugonjwa umemla akili, na binti yake angemtetea. Nitampa haki yake, hakudanganya.

"Nilijua," akasema.

Nikangoja moyo utulie. Haukutulia. Neno nililolitaka mwaka mzima lilikuwa dogo, lilipita kama jiwe dogo kwenye kikapu. Naye akaendelea, kwa ule mdomo wa upande, polepole. Kwamba wateja wote walikuwa wakitaka mbwa wa namna hiyo siku hizi. Kwamba akiwakataa waliwapeleka mbwa wao kwa watu wengine, wanaowapa mbwa pilipili na kuwafungia kwenye pipa na kuwachapa mpaka wawe wakali. Kwamba alichoka kuwaona wakipita na mbwa zao kwenda huko. Akasema, bora mimi.

"Mimi sikumchapa, kuruta. Nilimchezesha tu. Alikuwa anafurahi kila siku pale, ungemwona."

"Nilimwona," nikamwambia. "Siku ile pia alikuwa anafurahi. Alikuwa anatingisha mkia."

Hapo ndipo nilipompata. Upande mzima wa uso wake ukafuata ule uliokufa, ukaanguka wote. Binti aliweka sinia chini, akaingia ndani. Afande aliposema tena hakusema juu ya mwanangu, hakuomba radhi, labda hakuwa na neno hilo, maana sijawahi kumsikia nalo. Alisema Sajini hajacheza tangu mkono ulale. Binti anaogopa meno. Akaniomba nimchezee kidogo, mara mbili tatu tu, aone.

Nilitaka kukataa. Lakini mbwa hana kosa, na alikuwa ameshasimama. Nikavuka mawe, nikaokota ile kamba, na Sajini akaishika kwa yale meno yaliyobaki, akarudi nyuma kwa miguu iliyokauka, akavuta na kukoroma kama zamani. Nilivuta kidogo, nikamwachia ashinde kidogo, kama nilivyofundishwa. Mafabi alikuwa amejibanza nyuma ya kiti cha mzee, amekishika kwa mkono wake mzima. Nikalisema neno, chini, tumboni. Mdomo wa Sajini ukafunguka kabla sijamaliza.

"Ameachia," Mafabi akasema.

Nikamwambia ndiyo.

"Mama, mwambie tena."

Nikarudia mara tatu. Mara tatu mbwa alishika, mara tatu aliachia, na kila mara mwanangu alisogea hatua moja kutoka nyuma ya kiti. Afande alikuwa akilia bila sauti, kamasi zinamtoka upande usiosikia, na mimi sikumpangusa. Kisha Sajini akachoka akaketi. Mchezo umeisha. Afande akanyoosha mkono wa kushoto, kiganja juu, kama kanuni ilivyokuwa.

Nikaizungusha kamba mkononi mwangu, mara tatu mpaka kiwiko.

"Lete, kuruta."

Nikamwita Mafabi tuondoke. Nikapaza sauti ndani kumwambia binti amsukie mbwa kamba nyingine, hata ya vitenge, maana mbwa hana kosa.

"Kamba haitoki nje ya ua huu," akasema, na kiti kikalia chini yake, maana alikuwa anajaribu kusimama na mguu mmoja unakataa.

Nilikuwa nimeshafika getini. Hapo sauti yake ikatoka, ile ya zamani, nzima, haikuvutwa upande wowote. Hakupiga kelele. Aliitoa chini, tumboni, mara moja.

"Achia."

Niligeuka. Sajini alikuwa ameketi kando ya mawe, ameufungua mdomo wazi kabisa, na mdomoni hamkuwa na kitu.

Nami nilifundishwa na yeye yule, kwa kamba hiyo hiyo. Neno nililisikia vizuri. Nikamshika mwanangu mkono, tukatoka nayo.